Mbwa Namba 71

Joplin, Missouri
3 Septemba 2018

Kwako Virgil Tackett, mzee wa masikio ya mapambo,

Mimi mzima, ni goti tu linalia kama bawaba ya mlango wa kanisa. Nakuandikia kwa sababu kukupigia simu wewe ni sawa na kuhutubia kisiki. Mgodi ulikula masikio yako, bunduki zikamalizia makombo.

Kaa chini kwanza. Umekaa? Haya. Nimempata Mchuzi.

Wallahi vile, kama baba mchungaji hanisikii. Fremu ya bunduki yenyewe, ile ya karakana ya Mbwa Mvivu! Mbwa amechorwa kalala chali, miguu juu, sikio moja limekunjwa, vilevile kama Mchuzi wa Noreen alivyokuwa analala katikati ya jiko ili kila mtu ajikwae. Pembeni kwenye kiswichi, pale karakana nyingine zinapoandika salama, hawa wameandika KAA. Pa kufyatulia wameandika KAMATA. Maneno yaleyale ya Noreen! Na namba yake, shikilia meza, ni 71. Mwaka mliooana wewe na Noreen.

Nimeikuta chini ya meza ya mama mmoja kwenye gulio la bunduki hapa, anauza visu na asali. Hajui hata ameshika nini. Karakana ya Mbwa Mvivu ilishafungwa, fremu zile hazitengenezwi tena, watu wanazitafuta mpaka wanaota. Mimi nikajifanya nanunua asali.

Unakumbuka alivyokuwa anatucheka? "Wazee wazima mnatafuta picha ya mbwa, na mbwa mwenyewe yuko hapa anawanukia." Tumeunda bunduki ya achari, ya kijani, imeandikwa CHUPANI na MDOMONI, akacheka. Tumeunda ya kuku aliyevaa miwani, akasema inafanana na dada yako. Hii ya Mchuzi ndiyo alikuwa anaingoja, akaondoka duniani Julai bila kuiona. Inaniuma, ndugu yangu. Basi.

Kitako cha bunduki nakutumia kwa posta leo, kina madoa ya bluu na meusi kama mgongo wa Mchuzi. Nilikinunua kwa bwana mmoja wa jino la dhahabu, aliniuzia huku analia. Fremu unajua haisafiri kienyeji, kwa sheria yetu hiyo ndiyo bunduki, mengine yote ni mapambo. Nitakuja kuiacha kwa Opal, duka lake la bunduki, ukajaze fomu zake.

Kula, we mzee.

Dewey Ratliff
Waziri wa Biashara Ndogondogo


Stillhouse Hollow, Kentucky
12 Septemba 2018

Dewey,

Kitako kimefika. Kizuri.

Huyo bwana wa jino la dhahabu hajafa tu? Tangu darasa la nne ndiye aliyekuwa anakula chakula changu cha mchana, na ndiye aliyeliendesha gari la baba yako mtoni.

Lete fremu haraka. Vitu vingine vyote ninavyo, nimevipanga mezani kwa Noreen, mahali pake pa kukandia unga. Hakuna unga siku hizi. Rhonda amezichukua bunduki zangu zote amepeleka kwake, anasema paa langu linavuja zitaota kutu. Mvua haijanyesha wiki tatu. Sikubishana naye. Sina nguvu ya kubishana na mtu.

Nataka hii tu iishe. Nikishaimaliza sina kazi nyingine.

Virgil


Pikeville, Kentucky
15 Septemba 2018

Mjomba Dewey,

Shikamoo. Ni mimi Rhonda, binti wa Virgil. Nakuandikia kwenye sanduku lako la posta la Joplin maana simu zako hizo za vocha kila mwezi namba mpya. Baba asijue kama nimekuandikia.

Usimletee ile fremu. Nakuomba kwa jina la mama.

Jumapili nilimpelekea maharage na mkate wa mahindi. Alikuwa mtulivu mno, Mjomba. Akanipa pete ya mama. Akampa mwanangu saa yake. Halafu akaniambia kama mtu anayeongea habari za hali ya hewa: "Nikiimaliza ile ya mama yako, mnaweza kuendelea bila mimi." Nikamuuliza una maana gani. Akasema, "Maana yake chai imepoa."

Bunduki nimeziondoa zote, ziko kwa mume wangu. Opal nimemwambia, hatamuuzia kitu. Daktari anamwona, lakini akifika pale anasema yeye mzima kama chuma. Nimemuuliza waziwazi kama anataka kujiua, akainuka, akaenda kukaa kwenye ngazi. Nalala kwake siku zote ninazoweza.

Imebaki hiyo ya kwako. Anaiongelea hiyo tu. Ukimwambia ukweli ataona aibu, atatufungia mlango sote wawili, na mimi nauhitaji ule mlango uwe wazi. Tafuta namna. Wewe maneno hayajawahi kukuishia.

Rhonda


Joplin, Missouri
2 Oktoba 2018

Virgil, ndugu yangu,

Usinune. Najua umenuna, nakuona hadi huku.

Nilikuwa nije, nimeshafunga mizigo, gari likanigomea. Fundi ameliangalia, akatikisa kichwa kama mtu aliye msibani. Halafu fremu yenyewe nimeona ina alama ya kukwaruzwa karibu na mkia wa mbwa, nimempa mtu aisafishe. Hatuwezi kumweka Mchuzi na mkia wenye kovu. Noreen angetufukuza na ufagio.

Kwa sasa pokea hiki kifuniko cha pembeni, kimechongwa nyayo za mbwa. Ukikifungua, kwa ndani kimeandikwa NANI AMEKULA NYAMA. Nilicheka peke yangu hotelini mpaka jirani akagonga ukuta.

Umeshakula leo? Usinijibu "kahawa". Kahawa siyo chakula.

Nenda kwa daktari na umwambie ukweli, usimwambie mambo ya chuma. Mimi nilienda kwa ajili ya goti nikajikuta naongea habari za mama yangu, nikatoka nimelowa kama kitambaa cha kufutia vyombo. Nilijisikia nafuu. Usimwambie mtu.

Dewey


Stillhouse Hollow
20 Oktoba 2018

Dewey,

Nani alikwambia mambo ya chuma?

Gari lako halijaharibika. Binamu yangu alikuona Springfield Jumamosi, una meza, unauza na kucheka. Opal hajapata kitu. Opal mwenyewe ananikwepa macho, nikitaka hata boksi la risasi anasema kompyuta imezima. Kila mtu ananisemesha kama mtoto mwenye homa.

Umeiuza. Sema. Namba 71 ina wanunuzi, na mimi nakujua. Umeuza kofia ya marehemu baba yako kabla udongo haujakauka.

Nijibu kwa neno moja.

Virgil


Joplin, Missouri
27 Oktoba 2018

Virgil,

Ndiyo.

Nimeiuza. Nilipewa bei tamu, na mimi ni mtu wa meza, unanijua. Alikuja bwana mmoja pale Springfield, ana jino la dhahabu, wa upande wa Chattanooga. Hakutaja jina. Akaishika, akaipenda, akaondoka nayo.

Nisamehe kama unaweza.

Dewey


Stillhouse Hollow
3 Novemba 2018

Ratliff,

Ulishika mpini wa mbele wa jeneza la Noreen. Nilikuchagua wewe, nikawaacha ndugu zangu wa damu.

Nimerudisha kitako na kifuniko? Hapana. Vinakaa. Nitamtafuta huyo mtu wa Chattanooga mwenyewe, meza kwa meza, nisome namba kwa macho yangu. Nikiipata nitaimalizia bila wewe.

Usiniandikie tena. Na nikikukuta kwenye gulio lolote nitakupiga mbele ya watu, na mapafu yangu haya haya ya vumbi la mgodi.

Virgil Tackett


Joplin, Missouri
10 Novemba 2018

Rhonda mwanangu,

Basi imekuwa. Nimemwambia nimeuza. Ameamini mara moja, hakuhitaji hata kusukumwa, na hapo ndipo paliponichoma. Miaka hamsini ya kuuza vitu vibovu kwa watu wazuri, leo ndiyo imenilipa.

Fremu ninayo. Imefungwa kwenye soksi yangu ya Krismasi, na soksi iko ndani ya sanduku la chuma lenye kufuli.

Sasa sikiliza. Baba yako ameniandikia anaenda kumtafuta mnunuzi, meza kwa meza. Najua umeshtuka, tulia. Watu wote wa meza kuanzia Missouri hadi Carolina nawajua, na nusu yao wana siri zao kwangu. Nimewapigia mmoja mmoja. Nimewaambia: akija mzee mrefu, anakohoa, hasikii, kavaa kofia ya mgodi wa zamani, mkaribisheni kahawa. Mwonyesheni kila mlicho nacho, mbishane naye, mwacheni ajisifie bunduki ya achari. Lakini msimuuzie hata skrubu. Akiuliza Mbwa Mvivu namba 71, semeni, "Loo, mzee, umekosa kidogo tu! Yule bwana alikuwa hapa nayo, amesema mwezi ujao atakuwa Knoxville." Na wa Knoxville watasema Louisville. Na wa Louisville watasema Chattanooga.

Hii ndiyo kazi ninayoiweza, mwanangu. Kumfanya mtu atamani kitu, na kesho arudi kukiulizia. Sikujua kama siku moja nitaifanya kwa ajili ya kesho yenyewe.

Huku mimi nitabaki magharibi, Oklahoma na Kansas, nisikutane naye. Meza yangu ya Kentucky nimemwachia mtu.

Wewe usiache kumpeleka kwa daktari, na usiache kulala pale. Uongo wangu ni turubai tu, nyumba ni nyie.

Anko wako tapeli,
Dewey


Pikeville, Kentucky
18 Machi 2019

Mjomba Dewey,

Shikamoo. Habari nilizo nazo sijui nicheke au nilie.

Baba ananyoa ndevu. Ijumaa usiku anapiga pasi shati! Jumamosi anaamka kabla ya jogoo, anakula biskuti laini za mkate na mchuzi mweupe sahani mbili, anasema mwenye njaa hawezi kumshika mwizi. Wakati mwingine namsindikiza. Mjomba, unapaswa kuona. Watu wa meza wanamngojea! Wanamwita "Mzee Mbwa". Kuna mama mmoja Louisville kamfumia kofia. Yule Hobart wa meza ya visu amemfokea mbele za watu, "Tackett, ungekuja dakika kumi mapema!" mpaka baba akaipiga meza kwa hasira, halafu wakala soseji pamoja.

Daktari amempeleka kwenye kikundi cha wajane wa kiume, Alhamisi kanisani. Wiki ya kwanza alisema ni upuuzi. Sasa anawaletea keki.

Anakutukana kila tukiwa njiani. Anaanza pale kwenye daraja na kumaliza mpakani. Juzi alisema, "Ratliff alikuwa na kipaji, mpumbavu yule," halafu akatazama dirishani mpaka Knoxville.

Niruhusu nimwambie. Siwezi kukaa garini nasikia mtu anamtukana aliyemwokoa.

Rhonda


Tulsa, Oklahoma
30 Machi 2019

Rhonda,

Usithubutu. Mwache atukane. Mtu anayetukana anavuta pumzi.

Nimecheka ya Hobart mpaka nikakohoa. Halafu nikakaa kwenye kitanda cha hoteli nikiwa na kiatu kimoja mguuni, muda mrefu. Huku hakuna wa kumwonyesha kitu. Juzi nimepata mshiko wa bunduki umechongwa mfano wa hindi la kuchoma, hadi siagi juu yake, nikageuka kumwambia Virgil tazama hii. Aliyekuwa nyuma yangu ni mteja anatafuta choo.

Ale tu. Mwongezee mchuzi.

Dewey


Hospitalini, Pikeville
9 Oktoba 2019

Mjomba Dewey, njoo. Popote ulipo, barua hii ikikufikia, washa gari.

Ni mapafu. Vumbi la mgodi limemaliza kazi yake. Madaktari wamesema ni siku, siyo miezi. Nimejaribu namba zako zote tatu, zote zimekufa. Barua hii namkabidhi kijana wa posta pamoja na maombi.

Jana nilishindwa. Nilimwinamia sikio la kulia, lile linalobahatisha, nikapiga kelele, "Baba! Mjomba Dewey hakuuza ile fremu!" Nesi akakimbilia mlangoni.

Baba akanitazama kama mimi ndiye mgonjwa. Akasema, na maneno yake nayaandika kama yalivyotoka, kidogokidogo, kwa ile mashine ya hewa:

"Najua. Jino la dhahabu. Tangu darasa la nne, Dewey akidanganya huyo bwana lazima atokee. Nilisoma barua nikakasirika wiki nzima, halafu nikaisoma tena. Na hakutaja bei. Dewey auze kitu asinitajie bei?"

Nikamuuliza, "Sasa mwaka mzima ulikuwa unazunguka unatafuta nini?"

Akasema, "Niliwakuta watu wananingoja. Kila meza. Huwezi kuwaambia watu wenye bidii namna ile kwamba umeshawagundua. Na Jumamosi ikiisha ilikuwa inabidi nione nyingine."

Nikamwambia, kwa nini hukumwandikia, baba, anakaa peke yake Oklahoma anaumia.

Alifumba macho, nikadhani amelala. Halafu akasema: "Ningemwandikia, angeileta. Yeye hawezi kuninyima kitu nikimwomba vizuri. Na mimi nilikuwa sijajiamini. Kila mwezi nilijipima. Nilikuwa nakaribia, Rhonda. Krismasi hii ningemwandikia."

Asubuhi hii ameniomba nikwambie: "Mwambie sasa anaweza kuileta. Siwezi kuinua hata kijiko."

Njoo, Mjomba.

Rhonda


Dukani kwa Opal
2 Novemba 2019

Rhonda mwanangu,

Nilikuwa Kansas, gulio moja baada ya jingine, nikimkwepa baba yako ambaye hakuwa barabarani tena. Sanduku la posta nililifungua tarehe ishirini na nane. Niliisoma barua yako nimesimama, nikaendesha usiku na mchana, nilipofika kwenye daraja nikamwona Hobart wa visu anatoka kwenu na kofia mkononi.  Aliniambia tu mlishamzika wiki iliyopita, na kwamba watu wa meza walikuja magari mengi, na mama wa Louisville alimvisha ile kofia.

Nimeenda kilimani. Sikupita kwako kwanza, nisamehe, sikuwa na uso. Amelala kulia kwa Noreen, na upande wa miguu lile jiwe la Mchuzi. Nilikuwa nimeandaa utani tangu Missouri, njia nzima naurudia. Nilipofika pale haukutoka. Mara ya kwanza maishani mwangu, Rhonda. Nikamwambia tu bei. Nilimtajia bei niliyonunulia fremu kwa yule mama wa asali, mpaka senti, na jinsi nilivyombana ashushe. Nilijua ndiyo kitu alichokuwa anangoja.

Jino la dhahabu sikuliweka makusudi. Nakuapia. Nilikuwa naandika ile barua, na yule bwana akajitokeza mwenyewe kama kawaida yake. Nimemlaani miaka mingi kwa kunikamatisha. Leo nashindwa. Kama asingekuwepo, Virgil angekufa ananichukia.

Lakini mwaka mzima, mwanangu! Mimi najificha kwake huku, yeye kule ananilinda nisije nikaileta. Wazee wawili wajinga.

Fremu nimemwachia Opal hapa kaunta, pamoja na barua hii. Njoo ujaze fomu, sasa ni yako. Vile vipande vingine vilivyoko mezani kwa mama yako sina la kukuamulia, ila kama ni mimi nisingeviunganisha. Ningeitundika hivyohivyo ilivyo, mbwa peke yake, ukutani jikoni, chini kabisa, pale watu walipokuwa wanamkwaa.

Utaona nimekifunga kile kiswichi kidogo pembeni. Nimekielekeza kwenye KAA. Usikiguse.

Unakumbuka mama yako akimwambia Mchuzi "kaa", hata umwekee nyama puani hasogei, anatetemeka, mate yanatoka, lakini yupo? Baba yako alikuwa vile. Aliambiwa kaa na watu ambao hata hawakulitamka, na akakaa, mwanangu. Alikaa mpaka alipoitwa.

Mjomba wako,
Dewey